Namna ya Kuandika Kila Siku Nairobi Ukiwa na Shughuli Nyingi

Mtu aliyeajiriwa Nairobi anapoamua kuandika kila siku, aghalabu huanza kwa kujitengea saa nzima ya usiku. Mimi nilifanya hivyo mara tatu katika muda wa miaka miwili. Mpango wenyewe ulionekana mzuri: nitoke kazini saa kumi na moja, nifike nyumbani Kasarani saa kumi na mbili na nusu, nile, nipumzike kidogo, kisha niandike kuanzia saa tatu hadi saa nne. Kila mara mpango huo ulidumu siku sita au saba, mpaka ikaja jioni ya mvua ambapo magari yalisimama Thika Road, nikafika nyumbani saa tatu na nusu nikiwa nimelowa, umeme umepotea, na mtoto ananisubiri nimsaidie kazi ya ziada aliyopewa shuleni. Siku hiyo sikuandika. Kesho yake nilijiona nina deni la saa mbili, na keshokutwa deni likawa zito kuliko nguvu nilizokuwa nazo, nikaacha.

Nilichukua muda kutambua kwamba sikushindwa kwa uvivu. Nilishindwa kwa sababu nilipanga nikiwa nimeitazama siku njema, ilhali mazoea huvunjika katika siku mbaya. Kwa hiyo ushauri wangu wote unatoka katika jambo moja: amua kiasi cha kuandika kwa kuitazama siku iliyo ngumu kuliko zote katika mwezi wako, kisha uifunge kazi hiyo kwenye tendo ambalo hulikosi hata siku hiyo.

Chagua kibaba chako

Ikumbuke siku hiyo ngumu kwa undani. Kwa wengi wetu ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wakati ripoti zinadaiwa ofisini na kila mtu yuko barabarani, au ni siku yoyote ya mvua za Aprili na Novemba. Jiulize kwa uaminifu ungeweza kuandika kiasi gani siku kama hiyo bila kujitesa. Jibu la kweli huwa dogo, pengine mistari mitano, pengine kumi. Kiasi hicho mimi hukiita kibaba, kwa jina la kile kipimo cha zamani cha nafaka ambacho vinne vyake hufanya pishi moja. Kibaba kikishajaa, kazi ya siku imekwisha. Ukiwa na hamu ya kuendelea, endelea, lakini ziada hiyo usiihesabu kuwa sehemu ya wajibu wa kesho.

Nasisitiza mistari, wala si maneno. Miongozo mingi ya uandishi, hasa iliyoandikwa kwa Kiingereza, humtaka mtu ahesabu maneno, 500 au 1,000 kwa siku, na anayeandika Kiswahili akijilinganisha na hesabu hizo atajiona mzembe bure. Neno moja kama "nitakapokuandikia" limembeba mtenda, wakati, mtendewa na tendo lenyewe, mambo ambayo Kiingereza huyatawanya katika maneno matano au sita. Dakika nazo ni kipimo kisichoaminika, kwa maana mtu anaweza kukaa dakika ishirini akiutazama ukurasa mtupu na kuamka akiamini kwamba ameandika. Mstari wa daftari ama umejaa ama haujajaa. Mistari kumi yenye maneno manane kila mmoja ni maneno 80 kwa siku, na ukiandika siku 300 katika mwaka utakuwa na maneno 24,000, ambayo yanatosha kitabu chembamba au hadithi fupi kadhaa za urefu wa kawaida.

Funga kuandika kwenye tendo, si kwenye saa

Saa ya ukutani haituhurumii, kwani siku zetu hazifanani. Badala ya kusema "nitaandika saa kumi na moja na nusu alfajiri", sema "nikishabandika maji ya chai, nitafungua daftari". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba mtu anayetaja mapema tukio fulani pamoja na kitendo kitakachofuata tukio hilo huitimiza nia yake vizuri zaidi kuliko yule mwenye nia peke yake. Sababu yake si ngumu kuielewa: uamuzi umekwisha kufanywa, na linalobaki ni kuitikia.

Kwangu mimi tukio ni sufuria ya chai. Maji na maziwa huchukua dakika kama kumi kuchemka kwenye jiko la gesi, na muda huo zamani niliumalizia kwenye simu. Sasa daftari hukaa kando ya kopo la majani ya chai, kalamu ikiwa ndani yake, na kwa kuwa siwezi kuchukua majani bila kuligusa daftari, sina haja ya kujikumbusha. Tafadhali usilidharau jambo hili la mahali pa kuweka daftari. Lililo ndani ya mkoba, chini ya karatasi za ofisi, halitafunguliwa.

Wanaochagua alfajiri hapa kwetu wana neema moja ambayo hatuitaji mara nyingi. Jiji letu liko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua huchomoza mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi. Anayeandika kabla ya mapambazuko mwezi wa Januari atayakuta mapambazuko hayo karibu palepale mwezi wa Septemba, tofauti na mkazi wa London ambaye Desemba huamka gizani na Juni huamka jua likiwa limetangulia kitambo. Kinachotuvuruga sisi ni baridi ya Juni hadi Agosti. Miezi hiyo, weka sweta na soksi mahali ambapo mkono utafika kabla hujatoka kitandani, kwa sababu alfajiri ya Julai vita vyote hupiganwa ndani ya blanketi.

Alfajiri, hata hivyo, haimfai kila mtu. Rafiki yangu mmoja ni muuguzi ambaye zamu zake hubadilika kila wiki, na kila alipojaribu kuamka mapema alijikuta akikatiza usingizi mchache aliokuwa nao. Alipoacha kuifuata saa alifanikiwa. Akishavua sare na kunawa, iwe ni saa mbili asubuhi au saa mbili usiku, huketi ukingoni mwa kitanda na kuandika mistari saba kabla ya kugusa simu. Mlinzi, mpishi wa hoteli au dereva anaweza kufanya vivyo hivyo, mradi achague tendo linalojirudia bila kujali zamu.

Waandishi wenye ajira si wageni katika historia. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, na baada ya hapo akaendelea na kazi nyingine za serikali huku akiandika. Anthony Trollope wa Uingereza, aliyekuwa mtumishi wa posta, aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri akiwa ameweka saa mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Kipimo chake usikiige. Lakini Trollope alifanya pia jambo jingine ambalo linatufaa: alimlipa mtumishi wake pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa, yaani alikubali kwamba nia yake pekee haingetosha. Sisi tunaweza kuwaeleza tunaoishi nao, kwa upole na mapema, kwamba dakika hizo kumi zina kazi. Watoto wangu walipoelezwa waliheshimu jambo hilo kuliko nilivyotazamia, na mdogo wao hunikumbusha nikisahau.

Matatu ni ya kukusanya

Wengi hushauri kuandika ndani ya matatu, kwa kuwa ndimo tunamopotezea saa nyingi. Nimejaribu kwa miezi mingi na sikubaliani nao. Gari huyumba, muziki huwa juu, na simu iliyoshikwa karibu na dirisha lililo wazi hunyakuliwa wakati magari yamekwama katikati ya jiji. Anayekitegemea kiti cha matatu kwa kibaba chake atakikosa mara tatu kwa wiki.

Hata hivyo safari ina faida yake, nayo ni kukusanya mbegu. Gari linapokuwa bado stejini likisubiri kujaa, keti upande wa ndani, jitumie ujumbe mfupi wenye jambo moja ulilolisikia au kuliona siku hiyo: namna kondakta alivyomwita mzee mmoja, swali lililokosa jibu kwenye mkutano, bei iliyobadilika kwa muuza mboga. Sentensi moja inatosha. Kesho yake maji yakiwa motoni, fungua ujumbe huo na uanzie hapo. Njia nyingine ninayoipenda zaidi ni kuacha sentensi ya mwisho ya leo ikiwa nusu, ili kesho kazi ya kwanza iwe kuimalizia. Ukurasa mtupu umenishinda mara nyingi, lakini sentensi iliyokatika katikati haijawahi kunishinda.

Unapoandika, usisahihishe. Neno likikosekana, chora duara dogo mahali pake na uendelee. Hili ni muhimu hasa kwetu tunaofanya kazi kwa Kiingereza mchana kutwa, tukapiga soga kwa Sheng jioni, kisha tukataka Kiswahili sanifu kitujie mara moja alfajiri. Kitakuja, ila huchelewa kidogo, na ukisimama kukitafuta kila kinapochelewa dakika zako zitaishia kwenye kamusi. Maduara hayo hujazwa mwisho wa juma.

Siku utakayoikosa

Utaikosa siku, na usiilipe. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliochagua jambo dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda, kunywa maji au kufanya mazoezi ya mwili. Muda wa katikati uliohitajika ili tendo liwe mazoea ulikuwa siku 66, lakini makadirio yalitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254, na kukosa nafasi moja hakukuathiri sana ujenzi wa mazoea hayo. Kuandika ni kazi nzito kuliko kunywa maji, kwa hiyo jipe muda mrefu bila kuona haya. Ukikosa Jumanne, Jumatano andika kibaba kimoja tu, kile kile cha kila siku. Lile deni la saa mbili lililoniangusha zamani lisingekuwepo kama ningejua hivyo.

Tia alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku uliyoandika, na mwisho wa mwezi hesabu alama zote bila kujali mapengo. Siku 22 katika 30 ni mwezi mzuri.

Jumamosi moja au mbili kwa mwezi, tafuta saa mbili za kusoma na kusafisha ulichoandika. Nyumba ikiwa na kelele, nenda maktaba: wakazi wa Eastlands wana matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara. Kibaba chenyewe usikiongeze kabla ya miezi miwili kupita, na ukikiongeza, ongeza mistari miwili au mitatu, kisha usubiri siku ngumu nyingine ikupime. Mimi nilitoka kumi nikaenda kumi na mitano mwezi wa Mei, baridi ya Julai ikanirudisha kumi, na tangu Septemba niko kwenye kumi na miwili.