Kabla hujanunua programu ya ujenzi, ipe kwanza nyumba uliyokwisha kuimaliza

Mimi ni mkadiriaji majenzi, nafanya kazi Dodoma, na wateja wangu wengi ni makandarasi wa majengo wa daraja la saba, ambalo ndilo la chini kabisa, hadi la tano. Kila wakipata kazi mbili tatu kwa pamoja wananiuliza: "Dada, tununue programu gani?" Mmoja kaambiwa Revit ndiyo kila kitu, mwingine kasikia ArchiCAD, mwingine yuko mbioni kulipia mfumo wa kuendesha kampuni ambao ankara yake inakuja kwa dola kila mwezi. Huwa siwatajii jina. Nawapa kazi ya kufanya, na leo naiandika yote hapa, maana inaniuma kuona kampuni changa ikilipia kitu ambacho msimamizi wa saiti hatakigusa.

Kazi yenyewe ni hii. Chukua nyumba moja uliyoijenga ukaikabidhi. Ya vyumba vitatu inatosha, ila iwe na ramani, daftari la stoo na hesabu za mwisho, yaani unajua ilikula tofali ngapi, mifuko mingapi ya saruji, nondo kiasi gani, na mafundi walilipwa nini. Kila programu unayoifikiria, omba muda wa majaribio, kisha ipitishe nyumba hiyo hiyo tangu ramani hadi malipo ya mwisho. Usikubali kujaribu kwa jengo la mfano wanalokupa wauzaji. Jengo lao limetengenezwa ili kila kitu kikubali. Lako lina kona isiyo ya nyuzi 90 na mteja aliyehamisha dirisha wakati lenta imeshamwagwa.

Weka karatasi pembeni ya kompyuta. Kila unapolazimika kuandika upya tarakimu ambayo ulishaiingiza mahali pengine, weka alama. Urefu wa ukuta uko kwenye ramani, unauandika tena kwenye BOQ (orodha ya vipimo na bei za kazi), unauandika tena kwenye oda ya tofali, unauandika tena kwenye hati ya malipo. Hapo ndipo 6.30 inageuka 3.60. Mimi nalinganisha programu kwa alama hizo kabla sijasoma sifa zake nyingine.

Programu za kuchora

AutoCAD ipo sokoni tangu 1982, na faili zake za DWG ndizo msanifu, mhandisi na fundi umeme wanazorushiana. Huwezi kuikwepa kabisa. Lakini AutoCAD ya kawaida inachora mistari: mistari miwili sambamba wewe unaisoma kuwa ukuta, kompyuta haijui. Revit na ArchiCAD zinajua. Ukuta una unene, kimo na aina ya tofali; ukisogeza dirisha kwenye ramani, linasogea kwenye sura ya nyumba, kwenye mkato na kwenye jedwali la madirisha. Kwa mtu wa vipimo kama mimi, hiyo ni raha kubwa.

Tatizo la Revit ni masharti yake. Inafanya kazi kwenye Windows tu, matoleo ya karibuni yanataka kompyuta yenye RAM ya GB 16 kwa uchache, na faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, wala huwezi kulirudisha nyuma. Kwa hiyo kabla ya kununua, mpigie msanifu unayefanya naye kazi umuulize anatumia toleo la mwaka gani. Simu hiyo moja ina maana kuliko video zote za mafunzo. ArchiCAD, ya Graphisoft ya Hungaria, inakubali Windows na Mac. Zote mbili zinaweza kutoa faili la IFC, muundo wa wazi wenye kiwango cha kimataifa cha ISO 16739. Katika jaribio lako, toa IFC ya nyumba yako upande mmoja, ifungue upande wa pili, kisha hesabu milango. Ikiwa ilikuwa tisa na imekuja saba, ni afadhali umejua sasa.

SketchUp ni nzuri sana kwa kumwonyesha mteja nyumba yake itakavyokaa, na ina toleo la bure la kutumia kwenye intaneti. Usiitegemee kwa BOQ.

Na wale wasio na dola? Najua mtaani AutoCAD iliyovunjwa inapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Naomba uiache. Mbali na sheria, vipo virusi vya AutoCAD vinavyojinakili kwenye folda za ramani na kuhamia kwa kila unayemtumia faili, na jina linaloharibika ni la kampuni yako. LibreCAD ni ya bure na inatosha kwa michoro ya kawaida ukifanya kazi kwa DXF, aina nyingine ya faili la michoro. FreeCAD, tangu toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024, imebeba ndani yake sehemu ya kuchora majengo yenye taarifa kamili. Inahitaji uvumilivu, ila ni yako. Zipo pia kama ZWCAD, zinazosoma DWG na kuuzwa kwa leseni ya kudumu, wakati Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, ilishaacha kuuza leseni mpya za kudumu tangu 2016.

Programu za kukokotoa uimara, kama ProtaStructure na ETABS, mwachie mhandisi aliyesajiliwa. Wewe unachotaka kutoka kwake ni jedwali la kukata na kukunja nondo, na ulitake likiwa kwenye Excel, siyo picha ya WhatsApp.

Kupima na kuweka bei

Hapa tulia, kwa sababu hapa ndipo programu nzuri ya nje inaweza kukupa jibu lisilonunulika.

Anza na tofali. Tofali zetu za saruji za inchi 18 kwa 9 zinaingia kama 10 kwa mita moja ya mraba. Ukuta wa mita za mraba 100, ukishatoa milango na madirisha, ni tofali kama 1,000 kabla ya kuongeza zitakazovunjika. Ukiona programu inakuletea 60 kwa mita ya mraba, ujue inahesabu tofali ndogo za kuchoma za Uingereza. Tafuta mahali pa kubadili. Ikiwa hapabadiliki, funga ukurasa huo.

Halafu paa. Programu nyingi za kupimia juu ya PDF zinapima eneo kama linavyoonekana ukiwa juu, bapa. Paa lenye eneo bapa la mita za mraba 150 na mwinamo wa nyuzi 30 ni karibu mita za mraba 173 za bati. Mita hizo 23 ni bati za kweli, na dukani hakuna atakayekupa bure. Angalia kama programu inakuuliza mwinamo. Isipokuuliza, lazima wewe ukumbuke kila mara.

Nondo nazo. Programu inatoa kilo, duka linauza vipande vya mita 12. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo tani moja ni vipande kama 94. Zaidi ya hapo, BOQ hupimwa kwa kiasi halisi kinachobaki ndani ya jengo, wakati stoo inanunua na vipande vitakavyobaki vifupi visivyofaa popote. Programu inayokufaa inaweka idadi mbili, ya BOQ na ya manunuzi, bila kuzichanganya. Linganisha hiyo ya pili na daftari lako la stoo. Mtunza stoo mmoja aliwahi kupewa karatasi nzuri ya mita za ujazo za mchanga, akaniuliza kwa heshima zote, "Dada, hizi ni tripu ngapi?" Swali lake ndilo kipimo. Mchanga na kokoto tunanunua kwa tripu za lori, na programu isiyokuruhusu kuingiza ujazo wa lori la mtu wako itamwacha mtunza stoo akikisia.

Ukipima juu ya ramani iliyoskaniwa kwa programu kama PlanSwift, usiweke skeli kwa kipimo kimoja. Chukua ukuta mrefu wa kulala na mwingine wa kusimama, vyote vyenye vipimo vilivyoandikwa, uhakikishe pande zote zinakubali. Karatasi huvutika kwenye mashine, na ramani ikivutika upande mmoja kwa asilimia mbili, zege la jamvi zima nalo linavutika.

Kuna jambo la kanuni za kupimia. Sisi tunapima kwa kanuni za Afrika Mashariki, programu nyingi zinakuja na kanuni za Uingereza. CostX na Candy, programu za kupima na kuweka bei, zinakuruhusu kupanga vipengele unavyotaka. Candy, iliyozaliwa Afrika Kusini, nina heshima nayo: inajenga bei kutoka chini, saruji, kokoto, maji, kibarua, mashine ya zege, hadi bei ya mita moja ya ujazo. Ukiwa unashindania majengo ya ghorofa, inakulipa. Kwa daraja la saba ni mzigo. Excel iliyopangwa vizuri, yenye karatasi moja ya bei za vifaa ambayo bei zote nyingine zinaisoma, inakufikisha mbali. Ukibadili bei ya saruji mahali pamoja, BOQ nzima ibadilike. Ikiwa haibadiliki, Excel yako bado ni daftari tu. Na kwa vile zabuni za serikali siku hizi zinapita NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, hakikisha unaweza kutoa vipengele na bei kwa mpangilio uleule wa BOQ ya mnunuzi.

Kuendesha kampuni

Procore na Buildertrend ni mifumo ya Marekani, na kwa huko inafanya kazi. Procore hupanga bei kwa kuangalia thamani ya kazi unazojenga kwa mwaka, jambo ambalo linamkaba mkandarasi anayekua. Hapa kwetu wahasibu wengi wanaijua Tally au QuickBooks. Odoo na ERPNext zina matoleo huria unayoweza kuweka kwenye seva yako. Leseni haikugharimu, ila mtu wa kuziweka na kuzitunza anagharimu, na huyo lazima umwandike kwenye hesabu.

Ziingizie matukio ya nyumba yako ya zamani. Mteja alitoa malipo ya awali: je, mfumo unayakata kidogo kidogo kwenye kila hati inayofuata? Hati ya milioni 20, mteja anashikilia asilimia 10 ya matazamio, yaani fedha anazobaki nazo hadi ahakikishe jengo halina kasoro: je, zile milioni 2 zinabaki zikionekana kuwa deni, nusu ya kudai siku ya makabidhiano na nusu kipindi cha matazamio kikiisha? Nimeona kampuni zisizokumbuka kabisa kudai nusu ya pili, kwa sababu hapakuwa na chombo kilichowakumbusha. VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio zikae kwenye safu zake. Kila ununuzi uweze kuambatanishwa na picha ya risiti ya EFD, maana gharama isiyo na risiti hiyo itakutesa mbele ya TRA.

Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote: hamisha mifuko 40 ya saruji kutoka saiti ya Ilazo kwenda saiti ya Nala. Programu nyingi za uhasibu zinaacha gharama pale ankara ilipoandikiwa. Ilazo inaonekana imekula hasara, Nala inaonekana ina faida, na mwaka ujao unaweka bei ya zabuni kwa kufuata faida ambayo haikuwepo. Mfumo usioweza kufuata mfuko wa saruji kutoka saiti hadi saiti, kwangu umeshafeli, hata uwe na michoro mizuri ya rangi.

Jumamosi ya malipo nayo iingize: mafundi wa tofali wanaolipwa kwa idadi, vibarua wa kutwa, wengine kwa M-Pesa, wengine Airtel Money. Mpe simu msimamizi wa saiti mwenyewe, wewe bosi kaa kando. Zima intaneti kwenye simu hiyo, aandike mahudhurio na zege lililomwagwa, kisha iwashe. Kazi yake ikiwa imepotea, usiendelee na mfumo huo, kwa sababu saiti nyingi mtandao unakuja na kuondoka.

Bei ifanyie hesabu ya miaka mitatu: leseni kwa dola ukiruhusu shilingi kushuka, kompyuta inayoibeba, mafunzo, intaneti. Weka jumla hiyo pembeni ya faida halisi ya ile nyumba moja. Kwa daraja la saba na la sita, mimi hupendekeza programu moja ya kuchora inayosoma DWG, Excel iliyopangwa, na Tally au ERPNext yenye mtu wa kuitunza. Revit au ArchiCAD zije pale ubunifu na ujenzi vitakapokuwa mikononi mwako pamoja.

Mwisho wa majaribio, kabla kadi ya benki haijatoka mfukoni, bonyeza sehemu ya kutoa data. Toa kila kitu cha nyumba ile kwenye Excel: vifaa, malipo, hati, majina ya mafundi. Kifungue kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu hiyo. Kikifunguka na jumla zikalingana na daftari lako, zungumza nao bei. Kisipofunguka, waambie asante.