Somo: jinsi ya kutembea makumbusho za Lamu ukifuata bahari (na maswali yenu chini)

Haya jamani, kila likizo watu wanashuka gatini Lamu wanakimbilia makumbusho, wanapiga picha milango ya nakshi na vitanda vya kizamani, wakitoka ukiwauliza jahazi na mashua zinatofautiana vipi hawajui. Na huu mji bila vyombo vya baharini haungekuwepo kabisa. Kwa hiyo leo naweka njia ya bahari tu, milango mtairudia siku nyingine.

Hatua ya 1. Usikate tiketi bado. Kaa gatini asubuhi uangalie vyombo, omo ni kule mbele, shetri nyuma, na lile gogo refu linaloshika tanga ndo foromali. Muulize baharia yeyote saa hii kunavuma upepo gani. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ndo iliyokua ikishusha majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, halafu kusi ikishika kuanzia Aprili wanarudi nayo na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Katikati hapo hakuna pa kwenda, mtu anangoja, anafanya biashara, anaoa, anaacha watoto. Ukilishika hili la upepo basi kila utakachokiona ndani kitakua na maana, usipolishika utaona vitu vya zamani tu vimewekwa kwenye vioo.

Hatua ya 2. Sasa ingia Lamu Museum, iko hapo hapo mbele ya bahari. Nenda moja kwa moja kwenye mifano ya vyombo. Mtafute mtepe na usiondoke haraka. Huu haukupigiliwa msumari, mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) na tanga lake ni mkeka, na ulikua chombo cha huku huku kwetu, watu wa visiwa vya Wabajuni, kaskazini ya Lamu, ndo walikua mafundi wake, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ukapotea. Mimi kwa maoni yangu hicho ndo kitu kikubwa kuliko vyote mule ndani, kuliko hata siwa, zile baragumu kubwa za sherehe, ingawa nazo lazima uzione, ya Pate (kisiwa jirani) ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Ile ya Pate ni ya karne ya 17, na ukiiangalia kumbuka pembe ndo mzigo uliokua ukiondoka na kusi.

Hatua ya 3. Ngome, pale Mkunguni. Wengi wanajua ilikua jela mpaka 1984, basi. Kumbe habari yake inaanza na maji. Miaka ya 1812-1813 hivi Wapate na Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuja kuipiga Lamu wakashukia Shela, wakashindwa, wakakimbilia vyombo vyao wakavikuta maji yamekupwa, vimekaa mchangani havisogei, wakauliwa pale pale ufukweni. Watu wa Lamu wakaogopa watarudi, wakamwita Seyyid Said wa Oman awalinde, na ngome ikamalizika 1821. Ukipanda juu angalia upande wa bahari uwaze maji kujaa na kupwa, ndo utaielewa.

Hatua ya 4. Posta ya Wajerumani, njia kuu ya ndani, haichukui muda. Ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891, sababu Wajerumani walikua na mambo yao Witu, usultani wa bara karibu na hapa uliokua chini ya ulinzi wao, na barua zilihitaji meli.

Hatua ya 5. Matondoni. Hii si makumbusho lakini ukiiruka umefanya nusu ya kazi. Ni kijiji upande wa pili wa kisiwa, unaenda kwa boti au punda, na mafundi bado wanaunda vyombo, utaona mkuku (uti wa chini wa chombo) umelazwa, mataruma (mbavu zake) yamesimama, fundi na tezo yake ya kuchongea, mwingine anatia kalafati kuziba nafasi za mbao. Salimia kwanza, omba ruhusa ya picha, na ukikaa kimya kidogo watakuonyesha wenyewe.

MASWALI

Mwanachama wa Malindi: Na sisi huku tuna nini zaidi ya ile nguzo ya Vasco da Gama?
Jibu: Hiyo nguzo yenyewe ni somo la upepo dadangu. Vasco da Gama alifika kwenu Aprili 1498, akapewa rubani anayeijua njia, kusi ndo inaanza, akafika Calicut ndani ya wiki nne hivi. Kurudi akaondoka Oktoba kabla kaskazi haijashika vizuri, akahangaika baharini karibu miezi mitatu, watu wake wengi wakafa kwa kiseyeye, akaingia Malindi tena Januari 1499. Peleka wanafunzi pale uwaeleze hilo, watalikumbuka.

Swali: Mtepe kwanini walishona wakati misumari ilikuwepo?
Jibu: Chombo kilichoshonwa kinapinda kidogo bila kupasuka, ukikipandisha ufukweni au kikigusa mwamba kinavumilia. Na usumba mnazi unatoa, chuma lazima ununue.

Swali: Nina siku moja tu na watoto wawili?
Jibu: Gati, museum, halafu Matondoni. Ngome mpitie nje. Kitambulisho usisahau maana mwananchi na mgeni bei si sawa, na Ijumaa jipangeni mapema, adhuhuri watu wako msikitini.

Swali: Na Takwa je, yale magofu ya kisiwa cha Manda?
Jibu: Nenda, ila mwambie nahodha akupangie na maji. Unapita mkondo wa mikoko na ukipwa boti haifiki, kwa hiyo saa ya kwenda anaipanga yeye si wewe, na mkichelewa kutoka mtasubiri mpaka yajae tena.