Kabla hamjaenda kupanda milima ya mawe Dodoma, soma hii kwanza

Kama mna mpango wa kwenda kupanda mawe wikiendi, iwe Mlima Simba hapa hapa Dodoma au mnaelekea kwenye vilima vya njia ya Kondoa, haya yazingatieni kabla hamjatoka nyumbani.

Maji kila mtu abebe yake, lita nne kwa kutwa, na usijipe moyo eti utakuta mto njiani, mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili tu, zikiisha makorongo yanabaki mchanga mtupu. Anzeni saa 12 asubuhi, jiwe likishapigwa na jua linachoma viganja. Viatu vya kufunga, siyo ndala. Suruali ndefu, vichaka vya huku ni miba mitupu. Mkilala huko mwezi wa 6 au wa 7 beba sweta, ule upepo wa usiku si mchezo. Usiingize mkono kwenye tundu ambalo huoni ndani, kifutu hulala hapo na hakimbii akisikia watu. Piteni kwa mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe, kuna vilima watu wanafanyia matambiko. Na mkifika Kolo, kijiji cha huko Kondoa, ile miamba yenye michoro iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006 siyo ya kupanda wala kushikashika, chukueni mwongozaji mkaangalie kwa macho.

Sasa nyuki. Hapa naomba tuelewane vizuri maana watu wanaogopa nyoka wakati cha kuogopa zaidi ni nyuki. Nimeona kwa macho yangu. Jamaa alikuwa ameshapanda na kamba, juu kabisa ya vichwa vyetu, huku chini vijana wamefungulia spika mziki unalia, na yeye kajipulizia pafyumu tangu nyumbani, akapeleka mkono kwenye ufa ashike, humo ndani kuna mzinga. Walitoka kama moshi. Sisi tukakimbia, lakini yule aliyeshika kamba chini hawezi kukimbia, akiachia mwenzake anaanguka, basi akasimama pale pale anang'atwa usoni na masikioni, anashusha kamba taratibu mpaka mwenzake akagusa chini ndo wakakimbia wote. Tulikuwa tunawakwangua miiba kwa kadi ya NIDA ndani ya gari, vioo tumefunga, macho yao yameshavimba hayafunguki, na zahanati iko mbali barabara ya vumbi. Walipona, lakini mwenye aleji asingefika.

Kwahiyo mkifika chini ya jiwe kaeni kimya kwanza robo saa mnaangalia juu. Ufa wenye nyuki unaonekana, mdomo wake una weusi wa nta na utaona vidoa vinaingia na kutoka, hasa jua likianza kupasha. Waulizeni watoto wanaochunga mbuzi hapo, wanajua kila mzinga ulipo. Pafyumu acha nyumbani, spika acha, moto msiwashe chini ya mwamba, na msirushe mawe kwenye nyufa. Anayeshika kamba avae mikono mirefu na kitu cha kufunika uso. Wakitoka, kimbia, vuta shati ufunike uso, usipunge mikono, usisimame mpaka uingie kwenye gari au nyumba, kwasababu mwiba ukibaki mwilini unatoa harufu inayowaita wengine. Mwenye aleji aseme kabla ya safari, asione aibu, na akiumwa ni hospitali moja kwa moja, msisubiri kuona kama atavimba.

Mengine ni ya kawaida tu. Msitawanyike. Simu iwe na chaji ingawa network ikifika nyuma ya mlima inakata, so mwachieni mtu nyumbani jina la kijiji na saa mnayotegemea kurudi. Wakati wa masika wingu likijikusanya shukeni, jiwe likilowa linateleza vibaya, na lile korongo mlilovuka asubuhi likiwa kavu linaweza kujaa hata kama mlipo nyie haijanyesha, mkilikuta limejaa subirini upande huo huo mpaka lipungue, msivuke hata mkiona maji ya magotini.