X Ukutani Si Barua: Namna ya Kupata Uamuzi wa Ofisi ya Umma kwa Maandishi

Mama mmoja mjane alinijia na simu mkononi, akanionyesha picha ya ukuta wa nyumba yake. Ukutani kuna X nyekundu, alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, bado mbichi, rangi imechuruzika. Nikamuuliza, "Mama, barua iko wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, barua ndiyo hiyo X."

Niliwahi kuwa karani wa masjala, yaani chumba cha kupokea barua na kutunza mafaili ya ofisi, leo ni msaidizi wa kisheria, na jibu hilo nalisikia kwa sura nyingi. "Nimeambiwa kibali hakitoki." "Bosi kasema biashara yangu ifungwe." Nani kasema, lini, kwa sheria ipi? Hakuna karatasi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya uamuzi wa mahakama au chombo kingine chochote. Lakini rufaa ya neno la dirishani utaiandikaje? Siku za rufaa zitaanza kuhesabiwa lini? Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

Majirani zetu Kenya wana nafuu. Ibara ya 47 ya Katiba yao ya 2010 inasema wazi kwamba mtu aliyeathiriwa na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria yao ya 2015 inaongeza kuwa afisa akishindwa kutoa sababu, mahakama itachukulia kwamba hakuwa na sababu ya maana, hadi athibitishe vinginevyo. Sisi Tanzania hatuna kifungu kimoja chepesi namna hiyo. Sheria zetu zimetawanyika, kwa hiyo karatasi inabidi uitafute mwenyewe. Nitaeleza ninavyofanya mimi.

Hatua ya 1: Andika siku hiyo hiyo

Kabla hujalala, chukua daftari uandike tarehe, saa, mahali, jina au cheo cha aliyesema, na maneno yake kama yalivyotoka. Usiandike "walinitishia" kama walichosema ni "una siku 30." Andika na majina ya waliokuwepo. Kama kuna alama au bango, piga picha mbili: moja ya karibu, nyingine ya mbali inayoonyesha nyumba nzima na barabara. Ujumbe wa simu usiufute, hata kama umekukera.

Hatua ya 2: Andika barua ya kuomba uamuzi na sababu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaandika kurasa nne za kilio, historia ya marehemu mumewe, na mwishoni lawama kwa afisa fulani. Barua hiyo ikifika masjala, karani anatafuta kitu kimoja tu: inaingia faili gani? Asipopata, inalala kwenye trei.

Kwa hiyo barua moja, jambo moja. Ukichanganya X ya ukutani na malalamiko ya bomba la maji, itawekwa kwenye jalada moja, na lile jambo la pili limekufa. Mwandikie mkuu wa taasisi kwa cheo chake, si afisa aliyekutamkia. Yeye atateremsha kwa walio chini yake kwa dokezo, yaani maelekezo mafupi ya ndani ya ofisi, na dokezo hilo linabaki ndani ya faili likisema nani alipewa kazi na lini.

Ya yule mama ilikuwa hivi (majina na namba nimeyatoa):

*YAH: OMBI LA KUPATIWA KWA MAANDISHI UAMUZI NA SABABU ZA KUWEKEWA ALAMA YA X NYUMBA ILIYOPO KITALU NA. …, MTAA WA …*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Mimi ni mmiliki wa nyumba tajwa. Tarehe …, saa 4 asubuhi, maafisa wawili waliojitambulisha kuwa wa ofisi yako walichora alama ya X kwenye ukuta wa mbele. Niliambiwa kwa mdomo nibomoe ndani ya siku 30. Sikupewa barua.*

*3. Naomba nipatiwe kwa maandishi: (a) uamuzi wenyewe na tarehe uliofanyika, (b) sheria na kifungu kilichotumika, (c) umbali uliopimwa kutoka katikati ya barabara hadi kwenye ukuta wangu, (d) kama ninastahili fidia au la, na kwa nini, (e) ninaweza kukata rufaa kwa nani na ndani ya siku ngapi.*

*4. Naambatisha picha mbili na nakala ya hati yangu.*

*Naomba kuwasilisha.*

Chini yake sahihi, jina kamili, namba ya simu na S.L.P., kisha "Nakala: Afisa Mtendaji wa Mtaa." Aya ya kwanza haina namba, namba zinaanzia 2. Ndivyo barua za serikali zinavyoandikwa, na atakayejibu atasema "rejea aya ya 3(c) ya barua yako" badala ya kuzunguka.

Itazame hiyo 3(c). Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 za zamani na aliyekutwa na nyongeza ya mita 7.5 hawana hali moja linapokuja suala la fidia. Basi "uko ndani ya hifadhi ya barabara" si sababu iliyokamilika. Sababu ni namba. Katika jambo lako pia tafuta swali la namna hiyo, ambalo jibu lake ni kipimo, tarehe au kifungu.

Andika kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria Tanzania, na sijaona barua nzuri ya Kiswahili ikakataliwa. Nimeona nyingi za Kiingereza cha kuungaunga ambazo hata aliyeziandika hakuweza kuzieleza. Asiyejua kuandika aandikiwe, asomewe mbele ya shahidi, aweke dole gumba, na aliyeandika ataje jina lake chini.

Kama unachotaka ni nyaraka, tuseme ripoti ya upimaji au muhtasari wa kikao, taja katika ombi lako Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inataka ombi liwe la maandishi, na ofisi ina siku zisizozidi 30 kukujibu.

Hatua ya 3: Muhuri, muhuri, muhuri

Barua yangu ya kwanza kumwandikia mteja ilikuwa nzuri kupita kiasi. Niliisoma mara tatu kwa raha. Nikaipeleka mwenyewe, nikamkuta dada wa mapokezi mkarimu sana, akaipokea kwa mikono miwili: "Acha tu hapo kaka, itafika." Baada ya miezi mitatu nikaambiwa hakuna barua kama hiyo, na kweli, sikuwa na kitu cha kuonyesha. Mteja wangu alilipa uzembe wangu. Ofisi siitaji, kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo ninachapa nakala mbili. Ulizia masjala ilipo, usiishie mapokezi. Nakala ya kwanza wanabaki nayo, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, karani anaweka sahihi, unarudi nayo nyumbani. Tazama tarehe ya muhuri kabla hujaondoka dirishani. Nimewahi kuwa karani, najua muhuri husahaulika kuzungushwa ukabaki na tarehe ya juzi. Wakikataa kupiga muhuri, usigombane. Omba kuandika kwenye daftari lako: tarehe, "barua yenye kichwa…", jina la aliyepokea na sahihi yake. Akikataa na hilo, nenda posta, tuma kwa rejista au EMS (huduma ya haraka ya posta), tunza risiti.

Na barua pepe je? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu ya kielektroniki kuwa maandishi, mradi iweze kufunguliwa na kusomwa baadaye. Kwa hiyo tuma, tena kwenye anwani rasmi ya taasisi. Ila mimi bado napeleka na karatasi, kwa sababu karatasi inaingia kwenye jalada, na faili ndilo linalotembea meza hadi meza. WhatsApp ya afisa ni ushahidi wa kusaidia. Usiifanye ndiyo barua yako.

Hatua ya 4: Fuatilia kwa karatasi

Baada ya wiki mbili rudi masjala uombe kumbukumbu namba ya jalada lako. Ukiipata, kila barua inayofuata iiandike juu kabisa: Kumb. Na. … Kimya kikiendelea, andika ya kukumbushia, mistari mitatu tu, ukitaja tarehe ya muhuri wa ile ya kwanza na kuambatisha nakala yake. Usiandike upya hadithi nzima. Yule mama alijibiwa baada ya kukumbushia mara ya pili.

Hatua ya 5: Jibu likifika, shika bahasha

Watu huchana bahasha na kuitupa. Tunza. Barua inaweza kuwa na tarehe 3, ikapigwa muhuri wa posta tarehe 19, nawe ukaipokea tarehe 25. Andika kwenye kona ya nakala, si kwenye barua halisi: "Nimepokea tarehe…" Ukiipokea ofisini kwao na kutakiwa kusaini, weka na tarehe ya siku hiyo kwa mkono wako.

Kisha hesabu. Pingamizi la makadirio ya kodi linakwenda kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa maandishi na sababu zake, ndani ya siku 30, na utatakiwa kulipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au ile usiyoibishia, yoyote iliyo kubwa. Usiporidhika, Bodi ya Rufani za Kodi inataka notisi ndani ya siku 30 na rufani yenyewe ndani ya 45. Mtumishi wa umma aliyeadhibiwa kinidhamu ana siku 45 kukata rufaa. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie na kutengua uamuzi anaomba kwanza kibali cha mahakama, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na uamuzi huo lazima auambatishe. Usisubiri siku ya mwisho. Siku ya mwisho mtandao hukatika.

Hatua ya 6: Notisi ya siku 90

Ukitaka kuishtaki Serikali, na tangu marekebisho ya 2020 hata halmashauri au wakala wake, unatoa kwanza notisi ya maandishi ya siku 90 inayoeleza msingi wa dai lako, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukisema kwa mdomo umetoa taarifa, hujatoa. Nyumba inaweza kubomolewa kabla siku hizo hazijaisha, ndiyo maana mawakili huomba zuio la dharura wakati notisi inahesabiwa. Wenyewe huliita mareva.

Hapo mimi naishia, msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani. Yule mama nilimpeleka kwa wakili na faili la plastiki la shilingi chache. Ndani: daftari la siku ya X, barua tatu zenye mihuri, bahasha, na jibu la ukurasa mmoja lililotaja kifungu na umbali kwa mita. Wakili alisoma jibu, akaomba futi kamba, akauliza kama tuna gari la kwenda kupima mchana ule ule.