Kusoma barua ya shule mwanao akiitwa mtundu kwa Kiingereza

Muhula wa pili mwaka jana, mama mmoja wa mtaa wa Manyatta alinikuta nikifuta ubao baada ya tuisheni. Mkononi alikuwa na barua ya mwalimu wa darasa la kijana wake, ameikunja hadi ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. "Mwalimu, hebu nisomee. Mwanangu ameua nani?"

Barua ilisema "he gets away with murder". Mama alikuwa ameng'ang'ania neno moja, lile la mauaji, na hakulala usiku kucha. Maana yake ni kwamba kijana hufanya atakalo na hakuna anayemwadhibu. Amedekezwa, basi. Nilipomwambia hivyo aliketi kwenye dawati la mbele akalia.

Tangu siku hiyo kila mzazi anayeniletea barua namwomba jambo moja: usitafsiri neno kwa neno. Soma sentensi nzima, kisha ujiulize uzito wake. Je, ni utani, ni utundu, au ni uovu? Kiingereza kina misemo ya ngazi zote tatu, na ukikosea ngazi utamchapa mtoto asiye na hatia.

Utani kwanza. "Pulling your leg" ni kukutania tu, hakuna anayevutwa mguu. Lakini "pulled a fast one" ni kukupiga changa la macho: umedanganywa, na pengine pesa zimekwenda. Mzazi akichanganya hiyo miwili, ugomvi hauishi.

"Monkey business" hapa Kisumu haihitaji maelezo marefu. Aliyewahi kunyang'anywa ndizi na tumbili kule upande wa hifadhi ya wanyama ya Impala anaelewa: vituko, au ujanja unaofanywa kwa kificho. Likitajwa kuhusu watoto ni utundu. Likitajwa kuhusu hesabu za chama, fungua daftari mara moja.

"Up to no good" ni zito zaidi. Mwalimu hajaona kosa bado, ila anashuku kuna baya linalopangwa. Usingoje barua ya pili, nenda shuleni ukaulize.

"Caught red-handed" ndio ninaoupenda kuliko yote. Umetoka katika sheria za kale za Uskoti, na mkono mwekundu ni mkono wenye damu: mtu amepatikana damu haijakauka. Sisi tunasema ameshikwa na ngozi. Wao wanatazama damu mkononi, sisi tunatazama ngozi ya mnyama aliyeibwa, na pande zote mbili ushahidi hauna ubishi. Kwa hiyo ukiukuta kwenye barua, usianze na "mwanangu hawezi." Uliza alishikwa na nini.

Kuna huu unaowatatiza wengi: "butter wouldn't melt in his mouth". Kwa joto letu la saa nane mchana siagi huyeyuka ikiwa bado mezani, kwa hiyo watu hudhani mtoto ana ugonjwa wa kinywa. La. Wanasema mtoto anajifanya mpole na mtulivu hata siagi isingeyeyuka mdomoni mwake, kumbe mambo yake ni mengine. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hauko mbali na huo.

"When the cat's away, the mice will play" tunao tayari: paka akiondoka, panya hutawala. Mwalimu akiuandika, darasa lilibaki peke yake, na kosa si la mtoto mmoja.

Yule mama tulimsaidia kujibu. Tuliandika mistari minne kwa Kiswahili, tukamwomba mwalimu ataje kitendo chenyewe na siku kilipotendeka. Jibu lilirudi Ijumaa: kijana alikuwa akiwauzia wenzake njugu wakati wa somo la Hisabati, mara tatu, na kila mara akisamehewa. Mama aliisoma mwenyewe, kwa sauti, palepale kwenye dawati la mbele.