Harufu Mbaya ya Kinywa: Anza na Ulimi na Fizi Kabla ya Tumbo

Mtu anayenuka mdomo huambiwa mara nyingi kwamba tumbo lake limeharibika au kwamba ana minyoo, naye huishia kununua dawa zisizomsaidia, ilhali chanzo kimo kinywani mwake. Tumbo huhusika kwa nadra. Katika visa vingi, harufu hutoka kwa bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi, kati ya meno na chini ya fizi, ambao huvunjavunja protini ya mabaki ya chakula na kutoa gesi zenye salfa, jamii ya ile inayonuka katika yai viza. Kwa mkazi wa Kigoma aliyekula ugali wa muhogo kwa dagaa au migebuka jioni, vipande vya samaki vilivyonasa kati ya meno huwalisha bakteria hao usiku kucha. Hakuna haja ya kuacha samaki. Lililo la lazima ni kutolala kabla ya kusafisha kinywa.

Ili kujipima, kwangua sehemu ya nyuma ya ulimi kwa kijiko safi, subiri kidogo, kisha nusa kilichotoka. Hata hivyo, pua huzoea harufu ya mwenyewe, hivyo kumuuliza ndugu unayemwamini kuna uhakika zaidi.

Ulimi ndio unaosahauliwa kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo maana naanza nao. Kila usiku, weka ukingo wa kijiko nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia bila kutapika, uvute mbele taratibu, ukioshe, na urudie mpaka utando mweupe au wa manjano upungue. Usikwangue kwa nguvu, kwa kuwa ulimi uliochubuka hautakupa nafuu.

Meno nayo yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili kila mara, kwa dawa ya meno yenye floridi, na mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu hivi. Mswaki wa mti uliotafunwa hadi ukalainika husafisha vizuri, lakini haufiki kati ya meno. Hapo panahitaji uzi wa meno.

Fizi zinazotoka damu ni dalili ya ugonjwa, na kwa bahati mbaya wengi wakiona damu huacha kabisa kupiga mswaki mahali hapo, jambo linaloongeza utando na kuzidisha uvimbe. Endelea kusafisha kwa upole, huku ukisukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu. Damu isipopungua baada ya wiki mbili, au jino likianza kulegea, nenda kwa daktari wa meno katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni au kituo chochote chenye huduma hiyo, kwa kuwa ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautolewi kwa mswaki.

Kinywa kikavu pia hunuka, kwani mate ndiyo yanayokiosha. Wavuvi wanaokesha ziwani wakitafuta dagaa, hasa wanaovuta sigara ili wasisinzie, wabebe maji ya kunywa na kuachana na sigara. Baadhi ya dawa za mzio, za shinikizo la damu na za sonona hukausha mate vilevile; usiziache mwenyewe, bali mweleze daktari. Harufu ya kitunguu saumu, kwa upande wake, hupita kwenye damu na kutoka mapafuni, hivyo mswaki hauiondoi, huisha yenyewe.

Pipi za mnanaa hufunika tu, na zenye sukari huozesha meno.

Kinywa kikiwa safi na harufu ikabaki, chunguzwa mafindofindo ya kooni na ndani ya pua. Mtoto anayetoa uchafu wenye harufu katika tundu moja tu la pua huenda ameingiza punje au shanga humo. Apelekwe hospitali, wala msijaribu kuitoa nyumbani. Na mtu ambaye pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, huku ana kiu kali, anakojoa mara kwa mara na kutapika, huenda kisukari chake kimefika hatua ya hatari: huyo afikishwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.