Siku kumi na nne za daftari: lini umwone mshauri wa afya ya akili

Msimu wa korosho watu wengi Mtwara na Lindi hukosa usingizi. Mzigo uko ghalani, mnada umepita, hela haijasoma benki, shule wanadai. Mawazo hayo yana sababu. Malipo yakiingia, usingizi hurudi. Kinachotakiwa kukushtua ni hali inayobaki hela ikishaingia, au iliyokuja bila sababu unayoweza kuitaja.

Chukua daftari. Kila jioni andika umelala saa ngapi, umekula mara ngapi, kazi gani imekushinda, na kama kuna kilichokufurahisha. Baada ya siku 14 lisome. Ukikuta huzuni, au kukosa hamu hata ya ulivyovipenda, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, tena usingizi umevurugika, chakula hakipiti, mwili umechoka na unajilaumu kwa kila kitu, hizo ni dalili za sonona. Nenda. Wengi huchelewa kwa sababu wanasubiri machozi. Kwa wanaume mara nyingi hutangulia hasira na pombe. (Uraka, pombe ya mabibo ya mikorosho, ni jambo la kawaida huku msimu wake, ila ule unaonywewa ili upate usingizi ni habari nyingine.)

Mama aliyejifungua akilialia kuanzia siku ya tatu au ya nne, kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Machozi yakizidi hapo, mpelekeni. Huzuni ya msiba haina tarehe ya kuisha, ila mfiwa anayesema anataka kumfuata marehemu asingojeshwe arobaini.

Anzia zahanati au kituo cha afya, na daftari mkononi. Ukisema "kichwa kinauma" tu, utapimwa malaria na kurudishwa na panado. Sema: "Wiki tatu silali, shamba nimeliacha." Uliza pia kuhusu kupimwa wingi wa damu na tezi ya shingo, maana matatizo yake hufanana sana na sonona. Ikibidi, omba rufaa ya hospitali ya Ligula kwa Mtwara au ya Sokoine kwa Lindi. Mazungumzo na mshauri ni vikao kadhaa, mara nyingi vya dakika 45 hadi 60. Dawa za sonona nazo huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya nafuu kuonekana. Anayeziacha siku ya tano akidai hazifanyi kazi hajazijaribu bado. Dua iendelee, dawa zisikatwe.

Usihesabu siku 14 kwa mtu anayesikia sauti wasizosikia wengine, asiyelala siku kadhaa na bado ana nguvu za ajabu, au anayezungumzia kufa. Huyu wa mwisho muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Asiachwe peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo au pigeni 112. Dawa za kupulizia mikorosho zilizo uvunguni zihamishieni kwa jirani, zifungiwe, na ufunguo ubaki huko huko.